Inchi Sita Zilizopinda

Kama uliwahi kuvaa kaptura ya shule ikachakaa matakoni, ikapauka rangi, ikaishia kuwa kitambaa cha kudekia, lakini pindo lake likabaki limekaza vile vile kama lina ugomvi na mtu, basi huenda ulishonewa na Mama Pindo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, ila lilitumika kwenye vyeti tu. Kwingine kote alikuwa Mama Pindo. Hata mume wake akimpigia simu alianza na, "Haloo, Mama Pindo?" utadhani anaulizia suruali yake.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, mwembamba, na shingo iliyoinama kidogo kushoto kwa kazi ya miaka ishirini. Kiwanda chake, maana yeye alikiita kiwanda, kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Mlango wa bati, dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani mbili za miguu zilizotazamana kama mawifi ambao hawajasalimiana.

Cherehani ya pili ilikuwa ya Sentimita. Huyu alikuwa fundi mwenzake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kimo chake, ingawa mwenyewe alidai ni kwa sababu hapimi kwa inchi. "Inchi ni kipimo cha wavivu," alikuwa akisema. "Ndani ya inchi moja mtu anaweza kuficha makosa mawili na uongo mmoja." Walikuwa wamekaa humo miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo kitu pekee walichokubaliana ni kufuli la mlango.

Sasa, Mama Pindo alikuwa na sheria moja: hafungi mlango jioni huku mle ndani kuna mshono mbaya wa mkono wake. Akiukosea hata kwa upana wa uzi, wembe unatoka, mshono unafumuliwa, unashonwa upya. Zile nyuzi zilizofumuliwa anazikusanya, anazifinyanga kidonge, anatupa dirishani.

"Sitaki ushahidi," alikuwa akisema.

Kumbuka neno hilo.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni pasi ya mkaa, chuma kizito alichorithi kwa aliyemfundisha kazi. Umeme ulikuwepo, pasi za umeme zilijaa madukani, lakini yeye alisema pasi ya umeme inabembeleza kitambaa, haikiambii ukweli. Kila asubuhi alijaza mkaa, akainama, akapuliza kwenye kile kitundu cha nyuma: puu, puu, puu, mara kumi, mara kumi na tano, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta, mpaka makaa yawe mekundu.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule, ile wiki ambayo wazazi wote hukumbuka siku moja kwamba watoto wana miguu mirefu kuliko mwaka jana. Mama Pindo alipuliza pasi yake, akanyoosha vipande vya shati, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona ubavu. Miguu inakanyaga, kitambaa kinakwenda. Ghafla mkono wake wa kulia ukawa kama mkono wa jirani. Anauona pale juu ya kitambaa, anauambia sukuma, hausukumi. Umelala tu.

Akataka kumwambia Sentimita, "Mkono wangu." Kilichotoka mdomoni ni, "Kijiko."

"Nini?"

"Kijiko... kijiko changu."

"Dada, saa mbili asubuhi una njaa namna hiyo?" Sentimita akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Baada ya dakika kama kumi, mkono ukarudi. Ulirudi kimya kimya, kama mume aliyechelewa. Maneno nayo yakarudi, na neno la kwanza lililorudi alimtukania Sentimita. Kisha akatazama mshono. Ulikuwa umetoka kwenye mstari, umekwenda kombo, umelala pembeni kama mlevi mtaroni. Je, alifanya nini? Alifanya ambacho fundi yeyote anayejiheshimu angefanya. Akachukua wembe, akafumua, akafinyanga kidonge, akatupa dirishani.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Ugonjwa unakuja, unaandika barua yake kwa uzi, na mwenyewe anaichana kabla haijasomwa na mtu.

Alikwenda zahanati. Tabibu wa pale alikuwa kijana mpole mwenye foleni ya watu arobaini nje. Akampima presha, akaikuta imepanda kidogo, akamwambia apunguze chumvi. Akapunguza. Mkono ukaenda tena, safari hii bila chumvi.

Akaenda hospitali ya wilaya. Huko kila alipofika alikuwa mzima. "Inua mikono." Anainua. "Taja jina lako." Anataja, lile la kwenye vyeti. "Tabasamu." Anatabasamu, ingawa hakuona cha kutabasamia. Daktari mmoja akasema ni kifafa kidogo, akampa vidonge. Vidonge vile vilimtia usingizi hadi akashona mfuko wa suruali akaufunga juu. Mwenye suruali alirudi analalamika kwamba mkono hauingii. Daktari wa pili akavua miwani, akamuuliza kwa upole kama ana mawazo.

"Mawazo gani?"

"Labda una matatizo na mume wako?"

"Mimi sina. Labda yeye ndiye anayo na mimi, nitamuuliza."

Mume mwenyewe alikuwa mpishi wa shule, mtu mnene, mpole, aliyezoea kukoroga masufuria makubwa na kuamini kwamba chakula kisichounguza ulimi hakijaiva. Aliposikia habari ya mawazo alikaa siku mbili anajichunguza.

Sentimita ndiye aliyekuja na jibu. "Huo ni moshi wa mkaa," alisema. "Unainamia pasi kila siku pua imo ndani, kichwa kinajaa moshi, mkono unalewa. Hakuna zaidi." Na kwa kweli lilikuwa jibu zuri, maana mambo yale yalimtokea kila mara akitoka kwenye pasi. Mume akanunua pasi ya umeme, dirisha likaachwa wazi. Ukapita mwezi mzima bila mkono kuondoka. Sentimita akaanza kutembea amenyoosha shingo.

"Kuanzia leo uniite dokta."

"Nitakuita dokta ukifika mezani bila kupanda kibao."

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Ulikatika Jumatatu, Jumanne haukurudi, na mashati thelathini ya shule yalikuwa yanangojwa Jumatano. Mama Pindo akaitoa pasi ya zamani chini ya meza, akaifuta vumbi, akapuliza. Puu, puu, puu. Akanyoosha, akakaa, akashona. Mkono ukaenda.

Aliporudiwa na nguvu alishona kidogo kuujaribu mkono, na alipogeuka kuchukua wembe, shati halikuwepo. Sentimita alikuwa nalo. Alikuwa amelishika juu kwa vidole viwili, macho yanamng'aa.

"Lete hapa," akasema Mama Pindo.

"Miaka kumi na moja!" Sentimita alisema. "Miaka kumi na moja nangoja kuona mshono mbaya wa Mama Pindo. Unauchinja kabla sijaugeuzia shingo. Leo nimeuwahi."

Akalikunja, akalifungia kwenye droo ya cherehani yake, ufunguo mfukoni. Shati la mteja akalishona yeye upya, kwa kitambaa chake, ili tu abaki na lile. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia alionyeshwa. "Karibu. Kabla hujakaa, tazama kazi ya bingwa." Usimchukie. Mtu akikaa na mtu hodari kwa muda mrefu, furaha zake zinakuwa ndogo ndogo.

Na kuhusu ugonjwa, wote waliridhika. Si mmeona? Pasi ya mkaa imerudi, na mkono umeondoka. Ni moshi.

Moshi huo ulidumu mpaka Jumapili moja saa kumi jioni, nyumbani. Hakukuwa na mkaa, hakukuwa na pasi. Kulikuwa na chai ya mume, iliyotoka jikoni inachemkia kikombeni. Mama Pindo alikuwa na kiu na hakuwa na subira, akapuliza. Akapuliza tena na tena. Kikombe kikamtoka mkononi, kikavunjika, na mdomo ukainama upande mmoja.

Mume alimlaza kwenye kochi, akamshika ule mkono uliolegea. Alimuuliza mambo mengi na alijibiwa neno lile lile moja, kijiko, kijiko, huku machozi yakimtoka mke maana alijisikia mwenyewe anavyosema upuuzi na hakuweza kujizuia. Safari hii haikuwa dakika kumi. Ilikuwa karibu saa nzima. Hata mkono uliporudi, vidole viwili vya mwisho vilichelewa mpaka Jumatatu.

Hapo Mama Pindo alielewa kitu ambacho hakuna daktari aliyekuwa amemwambia: mkono huu unazoea kuondoka. Unakaa huko muda mrefu zaidi kila ukienda. Siku moja utaondoka usirudi, na utakwenda na maneno yake. Fundi asiye na mkono wa kulia na asiye na maneno ya kumjibu Sentimita, huyo amebaki na nini?

Mume alikwenda kiwandani kesho yake kuchukua kadi za kliniki. "Shemeji," alimwambia Sentimita, "jana usiku hospitali ya wilaya wametuandikia twende hospitali kubwa, kuna daktari wa mishipa ya fahamu anayekaa Jumanne. Lakini naogopa. Tutafika, atamwambia inua mikono, atainua. Kila siku ni hivyo. Hatuna cha kuwaonyesha."

Sentimita aliacha kukanyaga cherehani. Akatoa ufunguo, akafungua droo, akatoa shati, akalitandaza magotini, akalitazama kama anaona kitu kipya.

"Mimi nilikuwa nalichekea," akasema.

Jumanne walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Akamwambia Mama Pindo inua mikono, akainua. Taja jina. Akataja. Tabasamu. Mume akafumba macho kwa uchungu.

"Dokta," Sentimita akasema, "kuna shati."

"Kuna nini?"

Likatandazwa mezani, juu ya mafaili. Ubavu mmoja ulikuwa umeshonwa, wa pili bado uko wazi. Ule ulioshonwa ulitoka kwapani umenyooka kama mstari wa rula, ukafika katikati, ukaanza kuteleza. Inchi sita nzima uliteleza, sentimita kumi na tano kama unamsikiliza Sentimita, mpaka ukasimama pembeni kabisa. Kisha kutoka tundu lile lile la sindano, kwa uzi ule ule ambao haukukatwa, ukarudi kwenye mstari ukanyooka tena kwa vidole vinne, pale alipojaribu kama mkono umerudi.

Mama Pindo aligeuza uso ukutani. Afadhali wangemvua nguo.

Daktari alipitisha kidole juu ya mshono taratibu. "Hapa mkono ulikuwa unatetemeka? Ulikuwa unarukaruka?"

"Hapana."

"Una uhakika? Mahali pengine waliandika kifafa."

Mama Pindo akasahau aibu yake. Aligeuka, akainamia meza, maana sasa alikuwa anaulizwa kazi. "Dokta, fundi akitetemeka mshono unakuwa meno ya msumeno. Huu si meno. Tazama, urefu wa kila hatua ni ule ule, miguu inakanyaga sawasawa. Ni mkono tu uliokuwa hauongozi. Huu mshono haukushtuka. Umelala."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Na kabla hujakaa kushona," akauliza, "kabla kidogo tu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanyoosha."

"Kabla ya kunyoosha."

"Nilikuwa napuliza pasi."

"Na siku ya kikombe?"

"Napuliza chai ya huyu," akamnyooshea mume kidole. "Anapika chai kama anaua kuku."

Wote wakacheka isipokuwa daktari. Katika miezi saba, watu wengi walikuwa wamemuuliza Mama Pindo anajisikiaje. Huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza alikuwa anafanya nini.

Picha zilipigwa wiki hiyo, zile za kuingizwa dawa mishipani ili ionekane. Jumanne iliyofuata daktari aliwasha kioo cha kompyuta yake, akawaonyesha. Ile mishipa miwili mikubwa inayopanda shingoni na kulisha sehemu ya mbele ya ubongo, ikifika ndani ya kichwa ilikuwa imebana, wa kushoto zaidi, imekuwa myembamba kama uzi. Haikubana kwa siku moja, alisema. Ilibana polepole kwa miaka. Na mwili nao haukukaa bure. Uliotesha vimishipa vidogo vidogo, mamia, vikipita huku na huku kujaribu kupeleka damu. Kwenye picha vilionekana kama wingu, kama moshi unaofuka.

"Si nilisema moshi?" Sentimita akaruka.

"Ulisema wa mkaa," mume akamwambia.

"Moshi ni moshi, shemeji."

Daktari akawaeleza habari ya kupuliza. Mtu akipuliza kwa nguvu, mara nyingi mfululizo, hewa fulani inatoka mwilini kupita kiasi, na mishipa ya kichwani inajikunja kidogo. Kwangu au kwako haina neno. Kwa mtu ambaye njia zake zilikuwa tayari uzi mtupu, kule kujikunja kidogo kunafunga mlango. Mkono unakosa damu, maneno yanakosa damu. Akitulia, mlango unafunguka. "Mpaka siku usipofunguka," alisema bila kuzungusha. "Hicho ndicho kiharusi, na ndicho tunachotaka kukiwahi."

"Ni ugonjwa wa watu wengi?" Mama Pindo akauliza.

"Wachache mno. Mimi nimeuona mara tatu tangu nianze kazi. Ndiyo maana silaumu waliokuona kwanza. Mtu hawezi kutambua sura ambayo hajawahi kuonyeshwa."

Vidonge vya kifafa vikasimamishwa kidogo kidogo, akaandikiwa vya kuifanya damu isigande. Akaambiwa anywe maji mengi, asipulize kitu chochote, si pasi, si chai, si mshumaa, na asilie kwa kwikwi.

"Na kucheka?" Sentimita akauliza.

"Acheke kwa kiasi."

"Basi mimi nitakuwa nakuja mara moja kwa wiki."

Nyumbani, yule mpishi wa masufuria makubwa alianza maisha mapya. Kila jioni alisimama jikoni na vikombe viwili, anamimina chai kutoka kimoja kwenda kingine, kutoka juu mpaka chini, mara ishirini, mpaka ipoe. Akaonja kwa mdomo wake kwanza. Mke akamwambia hiyo sasa ni maji ya kuogea. Akanywa hata hivyo.

Lakini dawa peke yake haikutosha. Ilibidi njia mpya ya damu ishonwe. Nimesema ishonwe, na hilo ndilo neno alilotumia daktari mpasuaji, bila kujua amemwambia nani. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, na vidole vyembamba ambavyo Mama Pindo alivitazama kabla ya kutazama uso.

"Tunachukua mshipa mmoja wa ngozi ya kichwa, huu hapa mbele ya sikio," alisema. "Tunafungua kidirisha kwenye fuvu, tunauingiza, tunaushonea kwenye mshipa wa ubongo. Damu inapata njia ya pembeni."

"Uzi namba ngapi?"

Daktari akashangaa. "Uzi?"

"Wa kushonea."

"Ah. Mwembamba. Chukua unywele wako mmoja, uugawe mara tatu kwa urefu."

"Mishono mingapi?"

"Kumi, au kumi na miwili."

"Wa kuendelea, au mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Kila mmoja na fundo lake."

"Hapo sawa. Wa kuendelea ukikatika mahali pamoja unafumuka wote." Kisha akauliza lile lililomleta. "Nikiamka mkono haupo je? Nikiamka bubu?"

"Inawezekana," daktari alisema. "Sitakudanganya. Kuna wachache wanaopata kiharusi siku zile zile za upasuaji. Ila usipofanyiwa, hatari hiyo unaishi nayo kila siku, na kwa picha hizi ni kubwa zaidi."

Mume alitazama sakafu. Mama Pindo alitazama vidole.

"Nataka kuona mshono wako."

"Samahani?"

"Mimi mteja akija, kabla hajaniachia kitambaa, namwonyesha kazi. Wewe unataka kichwa changu. Nionyeshe kazi."

Mwingine angechukia. Huyu aliinuka, akawapeleka chumba cha pili chenye darubini juu ya meza. Chini yake kulikuwa na vipande viwili vya mpira mwembamba kama mrija wa kalamu, tena mwembamba zaidi, vimeunganishwa. Alisema kila asubuhi anashona kimoja kabla ya kuingia kazini, ili mikono isisahau. Mama Pindo akaweka jicho. Akakaa hapo muda mrefu, mpaka mume akaanza kukohoa.

"Huu wa tatu," alisema hatimaye, "umeukaza kuliko wenzake."

Daktari akainama akatazama mwenyewe. "Kweli," akasema.

"Ungekuwa mshipa wangu?"

"Ningeufumua nikaurudia. Siachii damu ipite kabla sijakagua wote."

"Unafumua?"

"Nafumua. Wakati mwingine mara mbili."

Mama Pindo aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. Daktari ambaye angemwambia hakosei kamwe angemkimbia mbio mpaka nyumbani. Akaomba karatasi, akaweka sahihi kwa mkono wa kulia, herufi moja moja, kama mtu anayeuaga.

Upasuaji ulichukua saa sita. Mume alizimalizia kwenye benchi la korido, Sentimita kando yake, miguu yake haigusi chini. Mara moja tu Sentimita alisema, "Akipona nitamwambia inchi nazo ni kipimo," kisha akajutia ahadi hiyo kwa haraka.

Kesho yake asubuhi mume aliruhusiwa kusogea hadi pazia la kitanda. Nyuma ya pazia alimsikia daktari: "Mama, fungua macho. Nishike vidole. Kaza. Vizuri. Sasa niambie, hiki nilichoshika ni nini?"

Halafu sauti ya mke wake, kavu, nyembamba:

"Kijiko."

Mume alishika ukuta. Miezi yote hii, upasuaji wote huu, kumbe ni kijiko kile kile! Akafungua pazia bila ruhusa, machozi tayari yamefika kidevuni, na akamkuta daktari amesimama pale, mkononi ameshika kijiko cha supu alichokitoa kwenye sinia la mgonjwa.

"Unalia nini, baba watoto?" mke akauliza. "Mimi nimekatazwa, wewe ndio umeruhusiwa?"

Alikaa nyumbani wiki nane. Alipotaka kuangalia kovu, alisimama kati ya vioo viwili akalikagua kuanzia sikioni kwenda juu. Akasema mshono ni mzuri, ila mwishoni angefunga mara mbili zaidi.

Wakati huo yule daktari mama alikuwa ameomba shati. Alitaka kulipeleka kwenye mkutano wa matabibu wa zahanati zote, awaonyeshe kwa macho ugonjwa unaokuja ukaondoka unavyofanana, na awaambie: mgonjwa akija mzima, msimfukuze, muulizeni alikuwa anafanya nini. Mama Pindo alikataa katakata. Aibu yake izunguke zahanati zote? Wembe alikuwa nao tayari. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: ubavu wa pili, ule ulioachwa wazi, aushone yeye kabla shati halijaondoka.

Ndiyo maana siku aliyorudi kiwandani walikuwepo watu kumwangalia. Mume alikuwepo. Na aliyetumwa kuchukua shati alikuwepo, naye ni nani? Yule yule tabibu kijana wa chumvi, amesimama mlangoni karibu na pasi ya mkaa, ambayo sasa kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

"Mama, mimi nilikwambia upunguze chumvi," kijana akasema, macho chini.

"Na nilipunguza, mwanangu. Imenifaa kwa mambo mengine. Keti."

Akakaa kwenye cherehani, kitambaa cha kichwa kimefunika kovu. Akaweka mkono wa kulia juu ya shati. Alikawia hapo kidogo, na hakuna aliyemhimiza. Kisha miguu ikakanyaga. Kuanzia kwapani, sindano ikashuka, mkono ukaongoza, ukapita pale katikati ambapo upande wa pili ulipotea, ukapita bila kusimama, ukafika pindoni. Akafunga nyuma na mbele, akakata uzi.

Sentimita akashuka kwenye kiti chake na utepe wa kupimia. Alipima juu. Alipima katikati. Alipima chini, akarudi juu tena. Akakaza macho.

"Hapa," Sentimita akasema kwa huzuni kubwa, "naona umetoka kama nusu sentimita."

Hakuwa ametoka hata uzi mmoja, na kila mtu mle ndani alijua. Mama Pindo akamtazama. Akamwita kwa majina yake yote, lile la kwenye vyeti, la baba yake na la babu yake, akaongeza na mengine matatu ambayo hayaandikiki, moja baada ya jingine, bila neno hata moja kukwama. Akavua kastabani, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akamrushia ikampata katikati ya paji la uso.

Kwa mkono wa kulia.